Siku Nne za Mkolani

Mkanda wa begi langu ulikatika nikiwa stendi ya Kahama, nikaupeleka kwa fundi wa kwanza niliyemwona barazani. Alikuwa kijana mwenye cherehani ya zamani ya kukanyaga kwa miguu. Kabla ya kushona aliilaza ile mashine kwa ubavu, akachukua kichupa chenye mdomo mrefu na kudondosha mafuta kwenye viungo vyake, kimoja baada ya kingine. Harufu yake ikanifikia nikiwa nimesimama. Ni harufu nyepesi, inakaribiana na ya mafuta ya taa lakini ina utamu kidogo, na huwa haitulii mahali pamoja. Nikakaa kwenye benchi bila kukaribishwa. Kijana akaniuliza kama naumwa. Nikamjibu nimechoka na safari, jambo ambalo kwa mtu kama mimi ni kweli siku yoyote ile.

Baba yangu alinukia hivyo. Alikuwa fundi wa cherehani, si wa kushona bali wa kuzitengeneza zilipoharibika, na mafuta yale yalikuwa yamemwingia chini ya kucha na kwenye mikunjo ya viganja hata sabuni ikashindwa. Watu wote walimwita Fundi, mama yangu pia. Mimi aliniita Mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake aliyefia Ujiji kabla sijazaliwa, na aliponiita hivyo alikuwa akishusha sauti kidogo, kana kwamba kweli anaongea na mkubwa wake.

Tuliishi Pasiansi, Mwanza, kwenye nyumba ya bibi mzaa mama. Nasema nyumba ya bibi kwa sababu ndivyo ilivyosemwa kila siku, na mtoto hasikii kilichomo ndani ya maneno anayoyasikia kila siku. Bibi alikuwa mjane. Baba yake alitoka Tabora na biashara ya kofia, mama yake alikuwa Msukuma wa Magu, na nyumba ile ya vyumba vinne ndiyo iliyobaki mkononi mwa ukoo baada ya wote kufa. Mjomba alikuwa na chumba chake mbele. Alifanya kazi kiwanda cha samaki kule Nyakato na alikuwa hodari wa utani. Baba hakuwa na ndugu hata mmoja Mwanza. Alikuja kijana na sanduku la vifaa, akamwoa mama, akahamia.

Siku za kawaida baba alikaa chini ya upenu wa nyuma na mkebe wa skrubu, akizichambua kubwa kwa ndogo. Watu walipita mbele yake wakienda bombani, wakirudi jikoni. Bibi alipotaka kumwambia kitu alimwambia mama, hata kama baba alikuwa ameketi hatua tatu kutoka pale: mwambie mumeo bati la choo linavuja. Mjomba alipenda kusema kuna wanaume wana bahati, wanaolewa. Mimi nilicheka pamoja na wengine. Nilidhani ni sifa.

Lakini baba alikuwa na siku zake nyingine, na hizo ndizo nilizozisubiri. Mara moja kila baada ya wiki kadhaa alisafiri. Mafundi wa kushona wa Nansio, Sengerema, Musoma na Bukoba walikuwa na mashine zinazougua, na yeye ndiye daktari wao. Usiku wa kuamkia safari mama alipiga pasi shati lake jeupe. Asubuhi tulimsindikiza hadi barabarani, Bibi mwenyewe akitoka hadi kizingitini kumwombea dua, na baba akaondoka na sanduku lake la vifaa mkono mmoja na mfuko wa nguo mkono wa pili.

Akishaondoka, nyumba haikufagiwa. Bibi alikuwa mkali sana kwa hilo. Mtu akitoka kwenda safari, ufagio unawekwa nyuma ya mlango hadi kesho yake, maana ukifagia nyuma ya msafiri unamfagia na yeye. Na ikitokea upepo umeinuka ziwani kabla hajarudi, ufagio haushikwi kabisa hadi maji yatulie. Makombo ya chapati yalilala sakafuni, mchanga ukaingia kutoka nje, na mimi nikitembea kwa vidole nikiamini kila punje ninayoikanyaga ni hatua ya baba mahali fulani. Sijui kama kuna nyumba nyingine iliyoyashika haya kwa nguvu kama sisi. Kwetu yalishikwa.

Sisi tuliokua kabla simu haijaingia kila mfuko tunakumbuka mtu alivyokuwa akisafiri. Akishakata kona, ameisha. Hakuna ujumbe wa kusema nimefika salama. Ulibaki na upepo tu. Mtaani kwetu ungeweza kunyoosha kidole nyumba kwa nyumba, huyu ziwa lilimchukua kaka, huyu mume, na siku ziwa lilipochafuka mama hakula. Aliketi kwenye ngazi za nyuma ambapo kati ya paa mbili palionekana kipande cha maji, akakitazama kile kipande hadi giza. Nilikuwa namletea chai inapoa mkononi mwake.

Na baada ya siku nne baba alirudi. Hapo ndipo nyumba ile ilipobadilika. Mama alikuwa amefukiza udi na kujitanda khanga ambayo bado ilikuwa na ugumu wa dukani. Mimi nilikimbia na birika la maji ya kumnawisha miguu. Mkeka mzuri ulitandikwa chumba cha mbele, na chakula chake kilikuja kwanza, kwenye sahani ya Bibi yenye maua ya bluu ambayo hakuna mwingine aliyeigusa. Ilikuwa mwiko kumuuliza habari kabla hajashiba. Tuliketi tukimwangalia anavyotafuna. Mjomba, ambaye siku nyingine asingepunguza redio kwa ajili ya baba hata kidogo, aliizima. Na Bibi, siku hiyo tu, alimsemesha mwenyewe. Alisema, kula, mwanangu, umetoka mbali.

Kisha mfuko ulifunguliwa. Kahawa ya kutafuna kutoka Bukoba, imefungwa kwenye jani kavu la mgomba. Matobolwa ya Ukerewe, vile viazi vikavu vinavyochelewa kulainika mdomoni hadi taya zinauma. Msimu wa senene, senene. Baba aliketi akiwa amekunja miguu, akaanza kusimulia. Kulikuwa na fundi wa Nansio aliyekuta mende ametaga ndani ya mashine yake na akadhani amerogwa. Kulikuwa na mama mmoja wa Musoma ambaye cherehani yake ilishona vizuri mchana na kugoma usiku, kumbe ni paka alikuwa akilala juu ya gurudumu. Mjomba alicheka hadi akajipiga mapaja. Mama alimtazama baba kwa macho ambayo siku za mkebe wa skrubu sikuyaona. Nilikuwa nalala mapajani mwa baba nikinusa mafuta ya mashine, nikijiambia kwamba nikikua nami nitasafiri, kwa sababu niliona wazi kwamba huko kwenye safari ndiko mtu anakotengenezwa.

Mara ya mwisho alituaga kwamba anakwenda Bukoba. Mchana wa siku ileile mume wa mama mdogo akaja kunichukua. Mama mdogo alikuwa amejifungua, wamehamia Mkolani hivi karibuni, upande wa pili kabisa wa mji, na ilikuwa likizo; walitaka mtu wa kumpakata mtoto wakati mama yake anafua. Nilifurahi mno. Nilikuwa nakwenda safari siku moja na baba.

Siku ya pili nilitumwa sabuni. Dukani palikuwa karibu, lakini mimi tangu zamani siwezi kurudi kwa njia niliyoendea, basi nikazunguka nyuma ya nyumba, nikapita kwenye mawe, nikatokea kwenye safu ya vyumba vya kupanga mbele ya uwanja wenye muhogo. Mbele ya chumba cha mwisho, juu ya ndoo iliyogeuzwa, alikuwa ameketi baba yangu.

Alivaa singlendi. Shati jeupe lilikuwa kwenye kamba, limefuliwa. Sanduku la vifaa lilikuwa miguuni pake, limefungwa. Alikuwa na bakuli la muhogo wa kuchemsha, na kuku mmoja alikuwa akimzunguka, naye akimmegea vipande. Nilisimama nyuma ya ukuta wa nyumba isiyomalizika. Nilitaka kumwita, lakini nikasikia anaongea, na mimi nilifundishwa kutomkatiza mtu mzima anapoongea. Alikuwa akimwambia kuku, au akiiambia hewa, habari za fundi mmoja wa Kemondo aliyenunua mafuta ya kupikia akayatia kwenye cherehani, mashine yote ikanuka vitumbua na wateja wakaanza kuulizia bei. Alifika sehemu ya kuchekesha, akanyamaza kidogo, akatikisa kichwa. Akairudia tena kwa kubadilisha maneno. Mara ya pili ilikuwa nzuri zaidi. Nilijiziba mdomo nisicheke.

Mtu mzima anayesoma hapa ameshaelewa. Mimi nilikuwa na miaka minane na nilielewa kitu kimoja tu: baba hayuko ziwani. Baba hatakufa maji. Yuko kwenye ndoo, nchi kavu, karibu na muhogo. Nilirudi na sabuni yangu nikiruka mawe, na mwilini nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena, ile ya mtu aliyebeba habari njema ambayo hakuna mwingine anayo.

Sikumwambia mama mdogo. Habari ile haikuwa yake. Ilikuwa ya mama.

Kesho yake nilirudishwa Pasiansi kwa sababu nilianza kukohoa na mtoto alikuwa mchanga. Adhuhuri upepo ukainuka. Ulitoka upande wa kaskazini, ukapiga mabati, ukaleta vumbi na majani hadi katikati ya chumba cha mbele. Bibi alishika tasbihi. Mama alikwenda kwenye ngazi zake za nyuma na kuketi, mikono katikati ya magoti, akitazama kile kipande cha maji ambacho sasa kilikuwa cheupe. Alikuwa ametoa machozi bila kulia. Nikaona wakati wangu umefika. Lakini sikutaka kusema hivihivi, nilitaka waone. Nikaenda nyuma ya mlango, nikachukua ufagio, nikaanza kufagia chumba cha mbele.

"Weka ufagio chini," Bibi alisema. "Baba yako yuko ziwani."

"Hayuko ziwani. Yuko Mkolani."

Bibi akaacha kuvuta punje za tasbihi. Mama aligeuka pale alipokuwa. Aliniuliza kama nimeota, nami nikamwambia sijaota, nimemwona jana, amekaa kwenye ndoo anakula muhogo.

"Na nani?" mama akauliza.

"Na kuku."

Nilisubiri atabasamu. Nilisubiri aje anikumbatie, ainuke ale. Badala yake aliketi chini palepale mlangoni, juu ya uchafu niliokuwa nimeukusanya. Uani Mjomba alianza kucheka. Alicheka hadi Bibi akamwambia anyamaze, na alipomwambia hivyo sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepigwa.

Jioni ile Mjomba alitumwa Mkolani kimyakimya. Alirudi na habari kamili. Chumba kilikuwa cha fundi nguo mmoja, rafiki wa baba, ambaye humwachia ufunguo. Majirani wanamfahamu: yule mzee mpole, huja, hukaa siku nne, huondoka. Hapana, hakuna mwanamke. Hapana, halewi. Anakaa tu. Mjomba pia alikuwa amepita mjini kwa mzee wa Kihindi aliyekuwa akiuza cherehani, ambaye zamani ndiye aliyemtuma baba kote kule kuzihudumia mashine alizouza. Mzee yule alishaacha cherehani muda mrefu, sasa anauza viti vya plastiki. Akamuuliza Mjomba, Fundi hajambo? Mwaka wa tatu huu sijamwona.

Miaka mitatu. Nilikuwa nimejificha nyuma ya pazia na nikajaribu kuhesabu sahani za maua ya bluu.

 Mama akasema neno ambalo nimelibeba katika kila gari nililopanda tangu siku hiyo. Alisema, "Angekuwa na mwanamke ningejua la kufanya."

Siku ya nne baba alirudi. Upepo ulikuwa umetulia. Nilisikia mguu wake kwenye kokoto, nikakimbilia birika, mama akanishika bega. Mkeka haukutandikwa. Nyumba ilikuwa imefagiwa ikasafika. Baba aliingia na shati jeupe na mfuko, akasimama pale mkeka unapokaa, akatazama sakafu. Viatu vyake vilikuwa na vumbi jekundu, la barabara ya Mkolani. Alitoa salamu. Bibi aliitikia bila kuinua uso. Baba akaweka mfuko chini, akatoa kifurushi cha kahawa, akakinyoosha kwa mama kwa mikono miwili.

Mama alikipokea. "Habari za Mkolani?" akauliza.

Nilimwona baba akitutazama mmoja mmoja, Bibi, Mjomba, mama, kisha mimi. Kwangu macho yake yalikaa. Sidhani alikuwa na hasira. Ningeshukuru angekuwa na hasira.

"Nzuri tu," akasema.

Akaketi kwenye kizingiti, akavua viatu, akaenda bombani kunawa miguu mwenyewe. Ile hadithi ya cherehani iliyonuka vitumbua hakuisimulia kamwe. Mimi peke yangu ndiye niliyeisikia, mimi na kuku.

Baada ya hapo alikaa nyumbani. Kila siku alikuwepo. Chini ya upenu na mkebe wake, kubwa kwa ndogo. Mama hakumgombeza, angemgombeza labda jeraha lingepona. Alimpa chakula na kugeuka. Mjomba ndiye aliyepata mtaji wa utani. Baba akienda msikitini, Mjomba alipaza sauti kutoka chumbani: Fundi, unasafiri, tusifagie? Akienda chooni: shemeji, tukuandalie mkeka? Hata watoto wa jirani walilijua. Walinisubiri njiani kutoka shule wakaniuliza Bukoba kuna baridi.

Siku moja nilimfuata chini ya upenu. Nilikuwa nimeshajua nimefanya jambo, ila sikujua ni lipi, kwa sababu kila nililolisema lilikuwa kweli. Nikamuuliza kwa nini alikuwa akikaa Mkolani. Alichukua skrubu, akaipuliza, akaiweka upande wake. 

"Mara ya kwanza niliporudi kutoka Nansio," akasema, "ulikuwa hujaanza kutembea. Ukasikia sauti yangu, ukatambaa kutoka kwa mama yako hadi mlangoni, magoti yote yamechubuka. Sasa mimi nikiwa nakaa hapa kila siku, Mama, utatambaa?"

Nilikuwa mkubwa vya kutosha kujua kwamba sitambai tena. Nikasema, "Hapana." Nimekwisha kukuambia, nilikuwa mtoto wa kusema kweli.

Alicheka kidogo, akanipa skrubu moja niishike.

Ijumaa moja alitoka na sanduku la vifaa. Alisema ameitwa Nyakato, kuna mashine. Hakukuwa na shati la kupigwa pasi wala mtu wa kumsindikiza. Mjomba alikuwa akipiga mswaki uani.

"Tusifagie, Fundi?"

"Fagieni tu," baba akasema.

Mama, kwa hasira, alichukua ufagio palepale. Alifagia chumba cha mbele, cha kati, ngazi, uwanja, hadi barabarani, vumbi likainuka hadi kifuani pake. Nilimlilia aache. Nilimshika khanga. Alidhani nalilia mchezo. Hadi magharibi baba hakurudi, na kesho yake hakurudi, na siku ya nne ilipofika bila mguu kwenye kokoto, mimi nilijua ufagio umefanya kazi yake na kwamba mkono wa kwanza kuushika ulikuwa wangu. Miaka mingi niliamini hivyo kabisa. Sasa siamini, lakini mpaka leo nikitoka nyumba ya wageni asubuhi namwomba mhudumu asifagie chumba mpaka niwe nimefika stendi. Wanadhani nimesahau pesa.

Walimtafuta. Nyakato hakuna aliyemwita. Mkolani ufunguo ulikuwa kwa mwenyewe. Bibi alisema atarudi, ana wapi pa kwenda. Mama, siku za upepo, aliendelea kukataa chakula.

Mimi nilianza kwenda bandarini. Kwanza ilikuwa baada ya shule, halafu badala ya shule. Nilisimama langoni abiria wanapotoka, nikitazama viatu na mikono. Nikichoka kutazama nilianza kuuliza. Shikamoo mama, umetoka wapi? Umefuata nini huku? Wengi walijibu, maana mtoto wa kike mwenye sare haogopeshi mtu. Mmoja alikuja kumzika dada, mwingine kuuza ndizi. Kulikuwa na mzee aliyesema hajui, aliona meli iko gatini akapanda, na akanitazama kama anayesubiri nimweleze. Nilipofika darasa la sita mwalimu alikuwa ameshaacha kuita jina langu. Sikuacha shule siku fulani. Niliisha tu, kidogo kidogo, kama sabuni.

Tangu hapo nimepika kwenye vibanda vya mama lishe, nimeuza vitenge, nimechambua dagaa, na sijakaa mahali miaka miwili ikatimia. Na bado nauliza. Watu hutoa sababu zao upesi sana, biashara, ugonjwa, harusi, na ni za kweli. Lakini ukikaa na mtu safari ndefu na gari likaharibika, sababu ile huchakaa na chini yake inatokea nyingine. Nimewahi kumsikia mwanamke mwenye duka zuri Shinyanga akisema huenda mnadani mbali, wala hana haja, ili akirudi watoto wake wakubwa wainuke kwenye makochi. Nilishuka kituo kilichofuata. Sikuweza kuendelea kumsikiliza.

Nafikiri kuna watu wanaosafiri kwenda. Wapo pia wanaosafiri ili waondoke, na wanaosafiri ili warudi, na baba alikuwa wa hao wa mwisho, na sisi tulimnyang'anya kurudi. Mimi ni wa aina gani sijui. Hakuna mtu popote anayenihesabia siku nne.

Mwaka jana nilikuwa nikipika kwenye mwalo mmoja mdogo upande wa Muleba, mahali pa mitumbwi na maduka machache. Gauni langu lilichanika, nikalipeleka kwa fundi nguo mmoja wa pale, Mama Edina, Mhaya mwenye maneno mengi na mikono ya haraka. Alipolalamika juu ya mashine yake alisema siku hizi hakuna wa kuitengeneza, tangu Fundi alipofariki. Nikamuuliza fundi gani. Akasema yule wa Mwanza, mzee wa Kiislamu, mpole, alikaa chumba hiki cha nyuma miaka na miaka. Amefariki mwaka juzi. Waislamu wachache wa pale walimzika vizuri.

Nilimshukuru Mungu kwamba Mama Edina alikuwa akitazama sindano.

Akaendelea. Fundi alikuwa na binti Mwanza, anampenda mno. Kila baada ya muda alikwenda kumwona. Walimsindikiza mpaka kwenye mtumbwi, kijiji kizima, na aliporudi siku ya nne walikaa usiku kucha wakimsikiliza. Aliwaletea mikate ya mjini na habari. Binti amefaulu. Binti ameingia chuo. Binti sasa ni mwalimu, ana darasa la watoto sabini na hajawahi kumchapa hata mmoja. Mama Edina alijua hata rangi ya baiskeli yangu. Sijawahi kuwa na baiskeli.

Kama alifika Mwanza kweli siku hizo, au aliketi mahali fulani juu ya ndoo, sijui. Kuna siku nilikuwa langoni mwa bandari. Kuna siku sikuwepo.

"Wewe si unasema ni wa Mwanza," Mama Edina akasema. "Humfahamu huyo mwalimu? Baba yake Fundi wa cherehani."

Kweli ilikuwa mdomoni. Nilikuwa na miaka minane tena, nimeshika habari mkononi, na mwanamke mbele yangu anasubiri.

"Namfahamu," nikasema.

"Ni mwalimu kweli?"

"Ni mwalimu."

Aliacha kushona. "Basi mbona hakuja kumzika baba yake? Tulipeleka salamu kwa kila mtumbwi. Tulimweka hadi alasiri tukimsubiri. Hapa watu walisema maneno, wakasema labda hakuwa na binti."

"Alikuwa safarini," nikamwambia. "Salamu zilimfikia ameshachelewa. Alilia sana."

"Ahaa." Nilimwona uso ukilegea. Akauita mtaa mzima kwa mkono, akamwambia muuza nyanya wa jirani kwamba si unaona, nilikuambia, yupo, huyu hapa anamfahamu. Muuza nyanya akasema alijua siku zote, Fundi hakuwa mtu wa uongo.

Nilichukua gauni langu. Nilitaka kuuliza kaburi liko wapi. Lilikuwa karibu, lazima, mahali pale pote unapamaliza kwa hatua mia tatu. Lakini mtu anayemfahamu binti wa marehemu kwa mbali tu haulizi kaburi, na akilifikia hapigi magoti. Nikaaga, nikapitia njia ya mwaloni, nikapanda mtumbwi wa kwanza uliokuwa ukiondoka bila kuuliza unakwenda wapi.